Shahidi Mudogo Ndani ya Motokari



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, kisichofika hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ni karte ya kumbukumbu, ile inayokaa ndani ya kamera ya motokari. Pengine utajiuliza: muchungaji anatafuta nini katika mambo ya kamera? Hiyo si kazi ya mafundi? Ndiyo, ni kazi ya mafundi. Lakini karte ile ikikataa siku ya ajali, watu hawamwiti fundi. Wanabisha kwenye mulango wa muchungaji usiku, kwa sababu baba yuko kasho, mama analia, na watoto hawajui kama mwezi ujao wataendelea na masomo.

Wewe unayekaa Kolwezi, Fungurume, Likasi ao Lubumbashi unaijua barabara yetu. Mchana na usiku kamyo zinashuka na shaba na kobalti kwenda mupaka wa Kasumbalesa, na zingine zinapanda na asidi, chokaa na mafuta. Kati yao kuna pikipiki, baisikeli zenye mifuko ya makala, mama wenye vikapu, na watoto wa shule. Ajali ikitokea, watu wanakusanyika mbio. Kila mumoja anasema yale aliyoona, na wengine wanasema hata yale ambayo hawakuona. Ndiyo maana siku hizi kompani nyingi, na hata watu wenye motokari zao wenyewe, wanaweka kamera ndogo kwenye kioo cha mbele. Kamera ile inaangalia barabara na kuandika yote inayoona. Haina kabila, haina ndugu, haiombi matabishi.

Katika sheria ya Musa, mutu hakuweza kuhukumiwa kwa neno la shahidi mumoja peke yake. Walitaka wawili ao watatu, kwa maana Mungu anajua ginsi ulimi wa mutu ulivyo. Kamera haichukui nafasi ya watu wa kweli, lakini ni shahidi wa kuongeza, na mara nyingi shofere masikini hana mwingine. Lakini shahidi huyu ana uzaifu mumoja. Karte yake ikitolewa na kutiwa ndani ya ordinatere (wengine wanasema kompyuta) bila uangalifu, inaweza kurudi bubu. Kamera inawaka kama kila siku, taa yake inaonekana, na kumbe haiandiki kitu.

MAMBO YALIYOFIKIA JAMAA MOJA

Katika kanisa letu kuna baba mumoja, shofere wa kamyo. Sitataja jina lake, lakini yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kusimulia, ili wengine wajifunze.

Kamera ya kamyo yake ilikuwa na karte ya giga 32. Siku moja ya Posho alirudi nyumbani na kamyo, akalala. Kijana wake wa miaka 16, mwimbaji wa korale, alitaka kuleta nyimbo na filamu kutoka kwa rafiki yake mwenye ordinatere. Hakukuwa na feza ya kununua ufunguo wa USB. Basi akatoa karte ndani ya kamera ya baba, akaenda nayo, akafuta video zingine ili apate nafasi, akaweka karibu giga 20 za nyimbo na filamu. Jioni akairudisha pahali pake. Hakuiba kitu. Aliona kwamba karte ni karte tu, kama sahani: leo wali, kesho bukari.

Kamera iliendelea kuandika siku chache katika nafasi ndogo iliyobaki. Kisha ikaanza kulia kidogo na kuonyesha maneno ya Kiingereza kwenye kioo chake. Baba hajui Kiingereza, akafikiri ni habari ya joto. Kumbe ilikuwa inasema: karte imejaa.

Siku nyingine, jua likishuka, kwenye barabara ya Likasi, kijana mumoja wa pikipiki, wale tunaoita manseba, alijaribu kupita motokari iliyokuwa mbele yake na akakutana na kamyo uso kwa uso. Mungu alimurehemu, hakufa, lakini muguu ulivunjika vibaya. Baba alisema: “Nilikuwa kwenye upande wangu.” Watu wakasema: “Hapana, kamyo iliacha njia yake.” Basi polisi pamoja na mukubwa wa kazi wakaomba karte.

Walipoitia ndani ya ordinatere, video ya mwisho ilikuwa na tarehe ya siku 19 mbele ya ajali. Nyimbo za korale zilikuwamo zote, lakini barabara haikuwamo.

Musomaji, angalia vizuri nafasi hii. Mukubwa wa kazi hakusema, “Karte ilijaa.” Alisema, “Umefuta.” Hivi baba akawa na mashitaki mawili: ajali, na kuficha ajali. La pili lilimuumiza kuliko la kwanza. Alilala kasho usiku ine. Bibi yake aliuzisha mashini ya kushona na mabati waliyoweka juu ya nyumba yao mpya, ili walipe hospitali ya yule kijana. Kazi ilipotea. Leo baba anaendesha kamyo ya mutu mwingine, kwa mushahara mudogo.

Na yule kijana mwimbaji? Alipofahamu kitu alichofanya, alikimbia kwa shangazi yake, akajificha. Nilimukuta kule nyuma ya nyumba. Aliniuliza: “Muchungaji, nikifuta nyimbo zote sasa, video zitarudi?” Nilishindwa kumujibu mara moja. Video iliyofutwa inaweza kurudi mara zingine, nitaeleza. Lakini ile ambayo kamera haikuiandika hata kidogo, itarudi kutoka wapi?

Nilimurudisha kwa baba yake. Baba alimutazama kwa muda murefu, kisha akasema: “Mutoto hakujua. Hata mimi sikujua. Nani angemufundisha?” Neno hilo lilinikaa moyoni. Nilienda kwa kijana mumoja wa kanisa letu anayetengeneza ordinatere, nikamuomba anifundishe polepole kama mutoto wa darasa la kwanza. Nimejionea mwenyewe kwa karte na kamera mambo ninayokuandikia hapa.

JUU YA NINI KARTE INAKUWA BUBU

Kwanza fahamu ginsi kamera inavyofanya kazi. Inaandika video fupi fupi, za dakika 1, 3 ao 5. Karte ikijaa, inafuta video ya zamani kuliko zote na kuandika mupya pahali pake. Inazunguka hivyo bila mwisho. Kamera inayoandika mega 2 kila sekunde inatumia zaidi ya giga 7 kwa saa moja. Karte ya giga 32 inazunguka yote kwa saa 4 na kidogo. Tena kamera nyingi zina kitu kinachosikia mushindo. Zikipata mushindo, zinafunga video ile ili isifutwe. Ni jambo jema siku ya ajali. Lakini kwenye barabara zetu, kila shimo ni mushindo, na video zilizofungwa zinarundikana.

Sasa tia nyimbo giga 20 juu yake. Kamera inajua kufuta video zake tu. Nyimbo si zake, haizigusi. Nafasi iliyobaki inajaa video zilizofungwa, na siku moja hakuna tena pahali pa kuandika. Ndiyo iliyofikia jamaa ile.

Lakini hata mutu asiyeweka nyimbo anaweza kuharibu. Ukitia karte ndani ya ordinatere ya Windows, yenyewe inaweza kuandika mule dosie ya siri inayoitwa System Volume Information. Ordinatere ya Mac inaacha faili zake ndogo za siri, ambazo jina lao linaanza na nukta. Kamera nyingi hazijali, lakini zingine zinachanganyikiwa na kukataa karte. Kwa Mac kuna mutego mwingine: ukifuta video, inaingia katika pubele, na pubele ile iko palepale juu ya karte. Unafikiri umepata nafasi, kumbe bado umejaza. Ni mupaka umwage pubele, karte ikiwa bado ndani.

Kuna habari ya kuformata, maana yake kuipanga karte upya toka mwanzo. Kuna namna nyingi za kupanga. Karte za giga 4 mupaka 32 kwa desturi zinapangwa kwa namna inayoitwa FAT32. Karte kubwa kuliko hizo, kama giga 64 ao 128, zinatoka kiwandani na namna ya exFAT. Kamera zingine hazijui kusoma exFAT, hata kama karte ni mupya na nzima. Zingine zinajua zote mbili. Mutu akiformata karte ndani ya ordinatere, ordinatere inachagua namna inayoipendeza yenyewe, pengine ile ambayo kamera haijui. Halafu mutu anasema, “Kamera imekufa,” na kumbe ni luga tu hazikupatana.

Tena kuna haraka. Mutu anachomoa karte wakati ordinatere haijamaliza kuandika, ao umeme unakatika katikati ya kazi kwenye ordinatere isiyo na batri. Ile orodha ya ndani, inayosema video gani iko wapi, inabaki nusu. Kamera ikiisoma, inapotea njia. Vilevile ukichomoa karte ndani ya kamera ikiwa ingali inaandika, faili ya mwisho haifungwe vizuri, na pengine haitafunguka tena. Na hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo unayoihitaji.

Mwisho, virusi. Mama mumoja mwenye motokari ya taksi alipeleka karte yake kwenye nyumba ya fotokopi ili wamuonyeshe video moja. Aliporudi nyumbani, dosie zote zilikuwa zimegeuka kuwa alama ndogo zisizo na kitu ndani. Walimwambia: “Yote imefutwa, formata tu.” Kwa neema ya Mungu hakukubali. Fundi wetu aliangalia akaona virusi vilificha dosie za kweli na kuweka za uongo mbele. Alisafisha virusi, akafunua zilizofichwa, na video zote zilikuwamo. Kama mama yule angefuata shauri la haraka, angeformata karte nzima.

KARTE IKIKATAA, FANYA HIVI

Usianze na kuformata. Anza na kuuliza: ndani yake kuna kitu ninachohitaji? Kama kulikuwa ajali, zima kamera, ngoja taa yake izimike, kisha toa karte na kuweka ingine. Usiseme, “Nitaitoa nikifika nyumbani kesho.” Umeona hesabu: kwa saa chache kamera inaweza kuzunguka na kuandika juu ya ushahidi wako.

Karte ndogo ikitiwa ndani ya ganda lake kubwa, utaona kando ya ganda kijiti kidogo kinachosukumwa. Kisukume upande ulioandikwa LOCK mbele ya kutia ndani ya ordinatere. Ordinatere nyingi zitaheshimu alama ile: zitasoma, lakini hazitaandika kitu. Kama ordinatere inauliza, “Kuna kasoro, nitengeneze?” jibu hapana kwanza. Kama inauliza kuformata, jibu hapana tena. Matengenezo ya Windows yanaweza kuchukua vipande vya video na kuvitia katika dosie yenye jina FOUND.000, bila majina yao ya kweli, na itakuwa taabu kuvitambua.

Nakili video, usizihamishe. Ziweke pahali pawili, kisha fungua moja moja na kuangalia kama zinacheza. Usibadilishe majina yao, kwa maana jina mara nyingi ndilo linaloonyesha siku na saa. Kama video zilifutwa, usiandike kitu kingine juu ya karte ile, hata wimbo mumoja. Kitu kilichofutwa mara nyingi kingali chini, mupaka kifunikwe na kingine. Kuna programu za bure, kama PhotoRec, ambazo zinaweza kukitafuta. Hazifaulu siku zote, na video mara zingine inarudi vipande vipande, lakini fundi mwaminifu anaweza kujaribu. Yale yaliyopatikana ayaweke ndani ya ordinatere, si juu ya karte ileile.

Ukimaliza, usichomoe tu. Aga kwanza: kwa Windows bonyeza alama ya kutoa kando ya saa, kwa Mac bonyeza alama ya kutoa pembeni mwa jina la karte.

Sasa, wakati una hakika kama hakuna kitu cha kupoteza, rudisha karte ndani ya kamera na uiformate palepale, kwa kutumia menyu ya kamera. Hii ndiyo siri kubwa ya habari yote: yule atakayetumia karte ndiye aipange. Kamera itaweka namna anayoijua na dosie zake mwenyewe. Kisha sawazisha tarehe na saa, tembeza motokari dakika 10, na uangalie video uliyoandika. Taa kuwaka si ushuhuda. Video inayocheza ndiyo ushuhuda.

Kama ingali inakataa, jaribu karte ingine nzima. Ikikubali, ile ya kwanza imechoka, kwa maana karte zinachakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kuna karte zinazotengenezwa kwa kazi hii ya kuandika bila kupumzika. Zinapita bei kidogo, lakini zinavumilia. Jihazari na karte ya bei ndogo sana iliyoandikwa giga nyingi. Zingine zinadanganya kwa maandishi. Na kama kamera inakataa karte mbili ao tatu nzima, basi mugonjwa ni kamera.

Baba, mama, fanyeni desturi: kila mwezi angalieni video moja ya jana, nakilini mnachohitaji, kisha muformate ndani ya kamera. Na kwa nyimbo za korale, nunueni ufunguo wa USB. Bei yake haifiki bei ya mashini ya kushona.

SHAHIDI ANASEMA PANDE ZOTE MBILI

Nisingekuwa muchungaji kama ningeishia kwa mafundisho ya karte tu. Kijana mumoja anayejifunza kuendesha aliniuliza: “Muchungaji, na kama video inaonyesha kwamba kosa ni langu?” Ni swali la kweli, na ninajua wengi wanalo moyoni. Kufuta ni kazi ya sekunde moja. Lakini ndugu yangu, ukitaka shahidi akutetee siku uko na haki, hauwezi kumuziba kinywa siku hauna haki. Yule aliyevunjika muguu naye ana mama. Toa nakala mbele ya watu wawili ao watatu, karte yenyewe iwekwe bila kuguswa, na useme kweli. Adabu ya watu ni kali, lakini zamiri inayojua uongo haiache mutu alale.

Na tusisahau neno la baba yule: nani angemufundisha? Katika nyumba zetu vijana wanajua kubonyeza mbio kuliko sisi, na sisi wazazi tunajua matokeo kuliko wao. Kama kila mumoja anakaa na ujuzi wake upande wake, nyumba inaumia. Kijana, mbele ya kugusa kitu cha kazi ya wazazi, uliza. Muzazi, mutoto akiuliza, usimufukuze. Keti naye, mueleze kitu kile kinaleta mukate namna gani. Na akiharibu kwa kutokujua, mufundishe mbele ya kumupiga, kwa maana mutoto anayeogopa sana anaficha, na kitu kinachofichwa hakitengenezwe.

Jioni hii, mukimaliza kula, ongeeni katika jamaa: Kati ya vitu vya nyumba yetu, ni vipi vilivyo vya kazi, na nani anaruhusiwa kuvigusa? Tunaangalia vitu hivyo mbele ya siku ya shida, ao tunangoja shida itufundishe? Na kama barabara yetu sote ingeandikwa tangu asubuhi mupaka jioni, tungependa nani aione?

Bwana awalinde wote wanaosafiri, na awarudishe salama kwa watu wao. Amina.